Barua ya Wazi kwa Wanaotunza Sinema ya Kitelugu: Mpeni Bhanumathi Heshima ya Mtunzi

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Shirika la Taifa la Maendeleo ya Filamu la India (NFDC), lenye dhamana ya Hifadhi ya Filamu ya Taifa iliyoko Pune;
Kwa: Serikali za majimbo ya Andhra Pradesh, Telangana na Tamil Nadu;
Nakala: Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda, Dar es Salaam.

YAH: FILAMU NA MAANDISHI YA BHANUMATHI RAMAKRISHNA (1925–2005)

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Najua swali litakalowajia kwanza. Mtu wa Tanga, asiyejua hata neno la Kitelugu la kuombea maji, anamtakia nini mwigizaji aliyefariki Chennai tarehe 24 Desemba 2005? Jibu ni kwamba filamu zenu ziko huku siku nyingi. Tangu enzi za Lufufu, na kwa upande wa Kenya DJ Afro, tumezoea kukaa kwenye vibanda umiza tukitazama picha za India huku msimuliaji akitupigia Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Zamani zilikuwa za Bombay. Siku hizi nyingi zinatoka Hyderabad, kwenye sinema ya Kitelugu, na kijana wa hapa anayemshangilia Allu Arjun au Prabhas anamshangilia Mtelugu, ajue asijue. Kwa hiyo msituchukulie kama wapita njia. Sisi ni wateja, tena wa muda mrefu.

Ila mteja akishakula kwa miaka mingi ana haki ya kuuliza nani alianza kuwasha jiko hilo. Mimi niliuliza, na nikirudi nyuma mwaka hadi mwaka nilikuwa nakutana na jina la mwanamke mmoja kila kona: mwigizaji, kisha mwimbaji, kisha mwandishi, mwongozaji, mtayarishaji, mtunzi wa muziki, mwenye studio. Yote mtu mmoja. Ninachokiona kwenu ni kwamba mmemhifadhi kama sura. Mwaka 2013, India ilipoadhimisha miaka 100 ya sinema yake, mlitoa stempu yenye picha yake, na ni stempu nzuri. Lakini stempu ni sura, na mimi nawaandikia kuhusu kazi za mkono wake.

Kwa wasomaji wa Kiswahili watakaoiona barua hii nieleze kidogo, ninyi wenyewe mnayajua. Bhanumathi alizaliwa tarehe 7 Septemba 1925 katika kijiji cha Doddavaram, karibu na mji wa Ongole, katika jimbo ambalo leo ni Andhra Pradesh. Baba yake alikuwa mpenzi wa muziki wa asili na ndiye aliyemfundisha kuimba. Mwaka 1939, akiwa binti wa miaka 13, aliingia kwenye filamu ya kwanza, Vara Vikrayam, iliyotokana na mchezo wa kuigiza wa Kallakuri Narayana Rao uliopinga mahari ya kule kwao, ambako familia ya bibi harusi ndiyo inayomlipa bwana harusi. Alicheza kama Kalindi, msichana anayeozwa mzee na kuona afadhali afe. Baba alikubali binti acheze kwa masharti makali, mojawapo likiwa kwamba mwigizaji wa kiume asimkumbatie. Mwaka 1943 akaolewa na P. S. Ramakrishna Rao, msaidizi wa mwongozaji waliyekutana kazini, kinyume cha matakwa ya wazazi. Kwa hesabu ya kawaida hapo ndipo hadithi za waigizaji wengi wa kike huishia: ndoa, mtoto, basi.

Yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mwaka 1945 alirudi na Swargaseema ya B. N. Reddi, na wimbo wake wa njiwa ukamfanya ajulikane kila mahali. Yeye na mumewe wakaanzisha kampuni ya Bharani Pictures, wakaipa jina la mtoto wao, kisha wakajenga na studio Chennai, mji ambao wakati huo ukiitwa Madras.

Mwaka 1951 ikaja Malleeswari. Nimeitazama kwenye simu, kwenye nakala iliyochujuka, na bado kuna sehemu moja ambayo sijaisahau. Binamu wawili, Malli (ndiye Bhanumathi) na Nagaraju, wanarudi kutoka sokoni kwa gari la ng'ombe, mvua inawakamata, wanajibanza kwenye banda la wasafiri. Wamo humo wasafiri wengine wawili, na binamu hawa hawajui kwamba mmoja ni mfalme Krishnadevaraya wa Vijayanagara na mwenzake ni mshairi wa ikulu, wamejibadilisha mavazi. Malli anaimba na kucheza. Nagaraju, anayechezwa na N. T. Rama Rao, kwa majivuno ya kijana anayependa, anatania kwamba mfalme angeleta machela kumchukua binti kama huyu. Na machela inakuja kweli. Kuanzia hapo filamu yote ni watu wawili wanaolipia mzaha mmoja. Mtazameni Bhanumathi uso wake wakati machela inawekwa mlangoni na mama yake mzazi anafurahia dhahabu. Halii. Anageuza kichwa polepole kumtafuta mtu ambaye hayupo. Na sauti mnayoisikia katika nyimbo zote za Malli ni yake mwenyewe. Wenzake wengi walikuwa wakifungua midomo tu, huku mtu mwingine akiwaimbia nyuma ya pazia.

Filamu hiyo ilionyeshwa China mwaka 1953 ikiwa na maandishi ya Kichina. Nalisema hili kwa makusudi, nitalirudia nikifika kwenye maombi.

Mwaka huohuo wa 1953 Bhanumathi alikaa nyuma ya kamera. Hadithi ya Chandirani ni yake, kuongoza ni yeye, na mbele ya kamera akacheza kama mapacha wawili. Tena hakutengeneza filamu moja, alitengeneza tatu kwa mpigo: ya Kitelugu, ya Kitamil na ya Kihindi. Hebu fikirini kazi hiyo bila kompyuta. Kila onyesho linapigwa mara tatu, midomo ibadilike kwa kila lugha, na mwongozaji ndiye huyohuyo anayevaa mavazi ya pacha wa kwanza asubuhi na ya pacha wa pili jioni. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza filamu ya Kitelugu. Alikuwa hajatimiza miaka 28.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera.

Kila Mtelugu anayependa sinema anaijua hadithi ya Missamma. Bhanumathi ndiye aliyechaguliwa kuwa mhusika mkuu, na mikanda kadhaa ilikwisha kupigwa. Inavyosimuliwa, siku moja alichelewa kufika kwa sababu ya ibada ya Varalakshmi, ambayo wanawake wa Kihindu wa kusini huifanya majumbani mwao. Mtayarishaji, Aluri Chakrapani, akataka aombe radhi kwa maandishi. Bhanumathi akakataa. Chakrapani akaichoma moto mikanda yote iliyokwisha kupigwa, na nafasi akapewa mwigizaji mwenzake, Savitri. Filamu ilipotoka mwaka 1955 ikawa miongoni mwa vipenzi vya taifa zima, na Savitri akawa Savitri.

Wengi huisimulia hadithi hii kama kisa cha jeuri ya mwanamke aliyepoteza bahati. Mimi naitazama kwa upande wa pili: alikuwa mwigizaji wa kike mwenye kampuni yake, anayeweza kusema hapana na kesho yake akala. Na mwaka 1954, kabla Missamma haijatoka, Bharani Pictures ilitoa filamu ya kuchekesha kuhusu babu bahili anayelalia pesa zake akimsubiri kitukuu. Babu huyo anaitwa Chakrapani, na filamu inaitwa hivyohivyo, Chakrapani. Muziki aliutunga Bhanumathi. Sisi watu wa pwani tunaokijua kijembe tukikiona, tunaguna tu na kutazama pembeni.

Tazameni sasa wenye nguvu walivyogawana heshima baadaye. Tuzo ya Dadasaheb Phalke, kubwa kuliko zote katika sinema ya India, alipewa B. N. Reddi aliyeongoza Malleeswari. Akapewa L. V. Prasad aliyeongoza Missamma. Akapewa B. Nagi Reddi, mshirika wa Chakrapani. Akapewa Akkineni Nageswara Rao, aliyecheza na Bhanumathi katika filamu kadhaa. Wote walistahili. Bhanumathi aliambulia Padma Shri mwaka 1966 na Padma Bhushan baadaye, nishani za heshima kweli, lakini ile ya wenye sinema haikumfikia. Juni 2025, Telangana ilipotoa tuzo mpya za filamu ziitwazo Gaddar, kulikuwa na zawadi maalumu zenye majina ya wakongwe: N. T. Rama Rao, Paidi Jairaj, B. N. Reddi, Nagi Reddi na Chakrapani, Kantha Rao, Raghupathi Venkaiah. Hesabuni wanawake. Mchoma mikanda ana tuzo yenye jina lake, aliyechomewa hana.

Na mwaka 2024, Nageswara Rao alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, filamu zake kumi zilionyeshwa katika miji mingi ya India, na mojawapo ilikuwa, naam, Missamma. Mwaka 2023 Rama Rao alipigiwa sarafu ya rupia 100, na wilaya yenye makao makuu Vijayawada tayari ilikuwa imepewa jina lake. Sina chuki na mabwana hawa, nimewapenda wote wawili. Ninachosema ni kwamba mkitaka kumuenzi mtu mnajua namna. Utaratibu mnao, na fedha zipo. Serikali ya sasa ya Andhra Pradesh ina naibu waziri kiongozi, Pawan Kalyan, aliyetoka moja kwa moja kwenye sinema, kwa hiyo hata kisingizio kwamba wakubwa hawaelewi mambo ya filamu hakipo.

Lakini barua hii siiandiki kuomba medali. Marehemu hahitaji, na sherehe ya kuvishana mashada inaisha jioni ileile. Naomba kazi zake.

Nianze na maandishi, kwa sababu ndiyo yaliyosahaulika zaidi nje ya Andhra. Bhanumathi aliandika Attagari Kathalu, mkusanyiko wa hadithi fupi za kuchekesha kuhusu mavyaa. Jamani, mavyaa! Katika sinema ya Kitelugu ya wakati ule mavyaa alikuwa ni adui wa nyumba, na Suryakantham aliigiza nafasi hiyo kwa ukali hata jina lake likawa kitisho cha mabinti wanaokwenda kuolewa. Bhanumathi akaenda njia nyingine. Anayesimulia ni mkaza mwana, na mavyaa wake ni mama mshika dini, mbishi, mwenye masharti ya usafi yasiyoisha na mwenye akili zake, anayegongana na dunia mpya kila siku na kutoka na heshima yake, au karibu yote. Unacheka, lakini humdharau. Kitabu hicho kilipata tuzo ya Chuo cha Fasihi cha Andhra Pradesh. Na wasifu wake aliouandika mwenyewe, Nalo Nenu, ulipata tuzo ya kitaifa ya kitabu bora kuhusu sinema.

Ninyi mnayajua haya kwa sababu mnasoma Kitelugu. Huku kwetu kisa cha mavyaa na mkaza mwana kina wasomaji kuanzia Lamu hadi Bujumbura, na hakuna atakayehitaji kuelezwa kwa nini bibi anakagua sufuria mara ya pili baada ya mkaza mwana kuziosha. Kwa sheria yenu ya hakimiliki, haki ya maandishi hudumu miaka 60 baada ya mwandishi kufariki, maana yake hadithi hizi zitakuwa na wenyewe hadi mwisho wa mwaka 2065. Hilo ni sawa, familia ina haki yake. Ila serikali za majimbo zina idara za lugha na utamaduni ambazo zinaweza kukaa na warithi, kununua au kukubaliana haki ya tafsiri, kisha kufungua mlango kwa wachapishaji wa lugha nyingine. Mchapishaji mdogo wa Dar es Salaam au Nairobi hawezi kuanza kumtafuta mrithi Chennai kwa barua pepe zisizojibiwa. Ninyi mnaweza kwa simu moja.

Filamu ni rahisi zaidi kisheria na ngumu zaidi kimikono. Kisheria, haki ya filamu yenyewe nchini India hudumu miaka 60 tangu ilipotolewa. Chandirani na Malleeswari zimekwisha kuvuka muda huo miaka mingi, na hata Batasari ya mwaka 1961, iliyotokana na riwaya ya mwandishi wa Kibengali Sarat Chandra, imevuka. Ugumu ni mikanda. Filamu za miaka ya 1930 na 1940 zilipigwa kwenye mkanda wa naitreti, ambao ukizeeka hugeuka unga, na ukishika moto haukubali kuzimwa. Hili hamhitaji kufundishwa na mtu wa Tanga: moto wa tarehe 8 Januari 2003 mjini Pune uliteketeza mikanda ya aina hiyo, na historia iliyomo ndani yake ikaondoka nayo. Mei 2022 waziri wenu alitangaza rupia bilioni 3.63 za kuzirejesha filamu takriban 2,200 katika hali yake. Ni fedha nyingi na ni orodha ndefu. Swali langu ni je, humo ndani Bhanumathi amewekwa kama nani? Kama amewekwa kwa sababu Rama Rao yumo, zitasafishwa zile alizocheza na mashujaa wakubwa, na zile alizoongoza yeye zitasubiri foleni. Naomba awekwe kwa jina lake kama mwongozaji, kuanzia Chandirani kwa lugha zote tatu hadi Bhakta Dhruva Markandeya ya mwaka 1982, ambayo aliijaza waigizaji watoto peke yao. Mwanafunzi wa sinema akiziweka Chandirani tatu kando kwa kando atajifunza kuongoza kuliko darasa la mwaka mzima.

Tamil Nadu nao nawagusa, wasidhani hili ni la Watelugu peke yao. Aliishi kwenu, studio yake ilikuwa kwenu, alikuwa mkuu wa chuo chenu cha muziki cha serikali. C. N. Annadurai, kabla hajawa waziri kiongozi wenu, alimwita sarufi ya uigizaji. Mtu aliyeitwa hivyo na Anna hapaswi kuachwa anabishaniwa na majimbo mawili jirani huku la tatu likitazama.

Sasa lile la China. Kama mwaka 1953, kwa mikanda na meli, Malleeswari iliweza kufika kwa Wachina ikiwa na maandishi ya lugha yao, basi leo kuweka Kiswahili chini ya picha si muujiza. Sisi hatuombi mtufanyie bure kila kitu. Tunaomba mtupe nakala safi na andiko la mazungumzo, hata likiwa la Kitelugu tupu. Dar es Salaam wapo Watelugu wanaofanya kazi na biashara ambao wangekaa na mtafsiri jioni chache kwa furaha. Wapo wasimuliaji wetu ambao wamezoea kutafsiri filamu ya saa tatu bila karatasi mkononi. Kituo cha Swami Vivekananda, ambacho kimetufundisha yoga, Kihindi na tabla, kina nafasi ya kuionyesha Malleeswari kwa Kiswahili usiku mmoja na kuona watu wangapi watakuja. Na msiwaalike mabalozi peke yao. Waalikeni akina mama.

Na kama Telangana itaendelea na tuzo za Gaddar, kama ninavyotumaini, iongeze moja ya mwanamke anayeandika na kuongoza, yenye jina la Bhanumathi. Hiyo haigharimu zaidi ya karatasi na kikombe. Ila nairudia: ikitolewa tuzo na mikanda ikaachwa ioze, itakuwa stempu nyingine tu.

Nitashukuru nikipata majibu, na kama yote hayawezi kujibiwa kwa pamoja, nijibiwe kwanza kuhusu Chandirani: nakala zilizopo ni za lugha zipi kati ya zile tatu, zimehifadhiwa wapi, ziko katika hali gani, na kazi ya kuzisafisha imepangwa kuanza lini.

Wenu,
Mtazamaji wa filamu zenu,
Tanga, Tanzania